Kadi nne, lango moja: kupanga mitandao kwenye seva ya Proxmox

Maswali ni yaleyale. Mtu amenunua seva ya mtumba yenye milango minne ya mtandao, amesakinisha Proxmox VE (mfumo wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za programu ndani ya seva moja) bila shida, na ukurasa wa usimamizi unafunguka. Sasa anataka kuitumia milango mitatu iliyobaki. Anaipa kadi ya pili (kila mlango ni kadi) anwani, anajaza na lango (gateway, ruta inayopeleka pakiti nje ya mtandao) kama alivyozoea kwenye kompyuta ya mezani, na hapo mambo yanaharibika: ama Proxmox inakataa kuhifadhi, ama inakubali halafu ukurasa unafunguka kwa mmoja na kumgomea mwingine. Hatua zote nimeziweka hapa ili nisiendelee kumjibu kila mmoja kivyake.

Nimetumia Proxmox VE toleo la 8, linalosimama juu ya Debian 12. Kwenye toleo la 9, lenye Debian 13 chini yake, hatua ni hizihizi. Wa oVirt na vCenter, mifumo mingine ya aina hii, mtabadilisha amri, lakini kanuni ya lango haibadiliki.

Nadharia ni kidogo tu. Seva ikipokea pakiti kupitia kadi ya tatu, haina desturi ya kujibu kupitia kadi hiyohiyo. Hutazama jedwali la njia: anayejibiwa yuko kwenye subneti (kundi la anwani za mtandao mmoja) niliyounganishwa nayo moja kwa moja? Kama yuko, jibu linatokea huko. Kama hayuko, linatokea kwenye lango. Mgeni aliingilia mlango upi, seva haikumbuki wala haijali. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya matatizo utayatambua kabla hayajatokea.

Vya kuandaa kabla ya kuanza

- Njia ya kuifikia seva bila kutegemea mtandao unaoubadilisha: skrini na kibodi zilizochomekwa, au konsoli ya mbali kama iDRAC ya Dell au iLO ya HP (sasa HPE). Kama seva iko mji mwingine na huna mojawapo ya hizi, ahirisha. Sitanii.
- Neno la siri la root, ulilolijaribu leo, si lile unalodhani unalikumbuka.
- Swichi yenye uwezo wa VLAN (kuigawa swichi moja iwe mitandao kadhaa), au swichi ndogo tofauti kwa kila mtandao.
- Kebo zenye alama kwenye ncha zote mbili. Kipande cha karatasi na gundi kinatosha.
- Muda ambao watumiaji hawapo kazini.
- Mpango ulioandikwa.

Huo mpango ndio kazi yenyewe. Kinachofuata ni kuandika tu. Nitakaoutumia mimi ni huu:

- eno1, ndani ya daraja vmbr0: 192.168.10.5/24, lango 192.168.10.1. Usimamizi: ukurasa wa mlango 8006 (namba ya huduma, si tundu la kebo) na SSH, ya kuingia kwa amri kutoka mbali.
- eno2, ndani ya daraja vmbr1: haina anwani. Mashine pepe za watumiaji.
- eno3: 10.10.30.5/24, haina lango. Hifadhi ya NFS (folda zinazofikiwa kwa mtandao) iliyoko 10.10.30.20, pamoja na kuhamisha mashine pepe kutoka seva moja hadi nyingine.
- eno4: 10.10.40.5/24, haina lango. Mawasiliano ya klasta (seva kadhaa zinazofanya kazi kama kundi) peke yake.

Angalia mambo mawili. Kwanza, kila kadi iko kwenye subneti yake. Usiweke kadi mbili zenye anwani kwenye subneti moja ukidhani unaongeza kasi. Linux hujibu maswali ya ARP ("nani ana anwani hii?") ya anwani zake zote kupitia kadi yoyote iliyosikia swali, kwa hiyo swichi na kompyuta nyingine zitachanganyikiwa zisijue anwani ipi iko wapi, na kadi moja itabeba mzigo wote huku nyingine ikitazama. Ukitaka kadi mbili zifanye kazi kama moja, ziunganishe kwa bondi: aina ya active-backup haihitaji chochote kwenye swichi, aina ya 802.3ad inahitaji swichi ipangwe pia.

Pili, vmbr1 haina anwani kabisa, na hili huwatatiza wengi. Daraja ni swichi iliyo ndani ya seva. Mashine pepe zina anwani zao na lango lao, zinazipata kwa DHCP (zikigawiwa na mtandao) au unazijaza mwenyewe ndani ya mashine pepe. Seva haihitaji kuwa na anwani humo, na ni salama zaidi ikiwa haina, kwa sababu mtumiaji wa mashine pepe hataweza kuufikia ukurasa wa usimamizi kupitia huko.

Hatua

1. Tambua kadi zako. Andika:

`ip -br link`

Utaona majina kama eno1 au enp3s0f0, na mbele yake UP au DOWN pamoja na anwani ya MAC (namba ya kadi yenyewe). Usiamini kwamba mlango ulioandikwa 1 nyuma ya seva ndio eno1. Hakikisha:

`ethtool -p eno3 15`

Taa ya mlango wa eno3 itamwekamweka kwa sekunde 15. Nenda nyuma ya seva uione kwa macho, chomeka kebo yake, andika kwenye karatasi. Kadi chache hazina uwezo huu. Kwa hizo chomeka na kuchomoa kebo huku ukirudia amri ya kwanza.

2. Funga majina, kama unapanga kuongeza kadi baadaye. Majina kama enp3s0 yanatokana na mahali kadi ilipochomekwa kwenye ubao. Ukiongeza kadi nyingine ya PCI, enp3s0 inaweza kuamka ikiwa enp4s0, na seva ikakosa mtandao wote. Tengeneza faili `/etc/systemd/network/10-enhifadhi.link` yenye haya, ukiweka MAC ya kadi yako:

```
[Match]
MACAddress=aa:bb:cc:dd:ee:03
Type=ether

[Link]
Name=enhifadhi
```

Jina lianze na en au eth ili Proxmox iitambue kama kadi halisi. Kisha `update-initramfs -u`, badilisha jina hilo kwenye faili ya mitandao, ndipo uwashe upya. Katika hatua zinazofuata nitabaki na majina ya eno.

3. Weka nakala na mtego wa kujiokoa. Hatua hii ndiyo watu huiruka:

`cp /etc/network/interfaces /root/interfaces.zamani`

`ls /etc/network/`

Ukiona faili inayoitwa interfaces.new, kuna mabadiliko yaliyofanywa kwenye ukurasa wa usimamizi na hayajatekelezwa. Yamalize au yafute kwanza, la sivyo seva ikiwashwa upya faili hiyo itachukua nafasi ya ile uliyoihariri kwa mkono, nawe utabaki kushangaa kazi yako imeenda wapi.

Sasa mtego:

`systemd-run --unit=rudisha --on-active=5min /bin/sh -c 'cp /root/interfaces.zamani /etc/network/interfaces; ifreload -a'`

Maana yake: baada ya dakika 5 seva itarudisha mipangilio ya zamani yenyewe. Ukijifungia nje, subiri tu. Ukifanikiwa, unauzima. Hata nikiwa nimekaa mbele ya seva yenyewe huuweka, kwa sababu ni mstari mmoja.

4. Andika mipangilio. Unaweza kupitia ukurasa wa usimamizi: chagua seva, kisha System, kisha Network. Mimi napenda faili, kwa sababu mpango wote unauona kwa mara moja. Fungua `nano /etc/network/interfaces`:

```
auto lo
iface lo inet loopback

iface eno1 inet manual

iface eno2 inet manual

auto eno3
iface eno3 inet static
    address 10.10.30.5/24

auto eno4
iface eno4 inet static
    address 10.10.40.5/24

auto vmbr0
iface vmbr0 inet static
    address 192.168.10.5/24
    gateway 192.168.10.1
    bridge-ports eno1
    bridge-stp off
    bridge-fd 0

auto vmbr1
iface vmbr1 inet manual
    bridge-ports eno2
    bridge-stp off
    bridge-fd 0

source /etc/network/interfaces.d/*
```

Hesabu mara ngapi neno gateway limetokea. Mara moja. Ukijaribu kuweka la pili kupitia ukurasa, Proxmox itakukatalia na kukuambia kwamba lango tayari lipo kwenye vmbr0. Kwenye faili hakuna wa kukuzuia, na ndiyo maana wanaohariri kwa mkono huumia zaidi.

Mtego mwingine uko kwenye eno1: anwani inakaa kwenye daraja, haikai kwenye kadi iliyo ndani ya daraja. Ukiiweka kote kuwili, mtandao utakuwa unakatikakatika na utatafuta kosa kwenye kebo.

Kama mashine pepe zako zinatumia VLAN kadhaa, ongeza chini ya vmbr1 mistari `bridge-vlan-aware yes` na `bridge-vids 2-4094`, kisha namba ya VLAN utaijaza kwenye kadi ya kila mashine pepe. Mlango wa swichi unaopokea eno2 nao upangwe kubeba VLAN hizo.

5. Kagua, kisha tekeleza:

`ifreload --syntax-check -a`

`ifreload -a`

Usitumie `systemctl restart networking` kwenye seva yenye mashine pepe zinazofanya kazi. Amri hiyo hushusha madaraja na kuyapandisha tena, na mashine pepe hubaki zimening'inia bila daraja: zinawaka, ila hazina mtandao. `ifreload` hugusa kilichobadilika tu.

6. Thibitisha kabla ya kuuzima mtego:

`ip -br addr`

`ip route`

`ip route get 10.10.30.20`

Kwenye ip route, mstari unaoanza na default uwe mmoja tu, upitie vmbr0. Amri ya tatu ikuonyeshe eno3 na anwani 10.10.30.5. Ikikuonyesha vmbr0, hifadhi yako inapitia mtandao wa usimamizi; rudi kwenye hatua ya 4 uangalie anwani na ile /24.

Kisha iulize hifadhi yenyewe: `pvesm scan nfs 10.10.30.20`. Ikikuorodheshea folda, barabara iko wazi. Fungua ukurasa wa usimamizi kwenye kivinjari kutoka kompyuta nyingine. Yote yakiwa sawa:

`systemctl stop rudisha.timer`

Ukisahau mstari huu, dakika 5 zikitimia kazi yako yote inafutwa.

7. Sahihisha `/etc/hosts`. Jina la seva lielekee kwenye anwani ya usimamizi:

`192.168.10.5 pve1.mfano.lan pve1`

Proxmox hulitegemea jina hili kujua anwani yake yenyewe. Likielekea anwani ya zamani au ya hifadhi, huduma zitagoma au klasta itatumia njia usiyoitaka. Pima kwa `hostname --ip-address`.

8. Iambie kila kazi itumie mtandao wake. Kadi kuwa na anwani hakutoshi. Unapoongeza hifadhi ya NFS, jaza 10.10.30.20, usijaze jina ambalo DNS inalipeleka kwingine. Kuhamisha mashine pepe kunapangwa kwenye Datacenter, kisha Options, kisha Migration Settings, au kwa mstari huu kwenye `/etc/pve/datacenter.cfg`:

`migration: secure,network=10.10.30.0/24`

Na klasta, unapoianzisha:

`pvecm create mfano --link0 10.10.40.5 --link1 192.168.10.5`

Link1 ni njia ya akiba iwapo kebo ya eno4 itakatika. Kwa nini klasta ipewe kadi yake? Corosync, programu inayoziunganisha seva za klasta, haitumi data nyingi, ila haivumilii kucheleweshwa. Inataka ucheleweshaji wa chini ya milisekunde 5. Ukiichanganya na hifadhi, usiku nakala rudufu zikianza kunakiliwa mtandao unajaa, seva zinadhani wenzao wamekufa, na kama umewasha HA (mashine pepe kuhamia seva nyingine moja ikifa) zinaanza kujiwasha upya zenyewe. Kama una seva moja tu, eno4 iache bila kazi.

9. Funga ukurasa wa usimamizi kwenye anwani moja, kwa seva isiyo na klasta pekee. Kwa kawaida mlango 8006 husikiliza kwenye anwani zote, pamoja na ya hifadhi. Andika kwenye `/etc/default/pveproxy`:

`LISTEN_IP="192.168.10.5"`

kisha `systemctl restart pveproxy spiceproxy`. Kwenye klasta usifanye hivi, kwa kuwa seva huzungumza zenyewe kwa zenyewe kupitia mlango huohuo. Tumia ngome (firewall) ya Proxmox badala yake.

10. Washa seva upya na upime tena yote ya hatua ya 6. Watu hawaipendi hatua hii, lakini umeme utakatika siku moja usiku, na ni afadhali ujue leo kama seva inaamka na mitandao yake yote. Waliotumia `ip addr add` kwa majaribio ndio hugundua hapa kwamba haikuandikwa popote.

Pale unapohitaji njia ya pili kweli

Kuna hali mbili. Ya kwanza ni rahisi: una seva ya nakala rudufu kwenye 10.10.50.0/24, nyuma ya ruta 10.10.30.1 iliyo upande wa hifadhi. Huhitaji lango la pili, unahitaji njia ya subneti hiyo tu. Chini ya eno3 ongeza:

```
    up ip route replace 10.10.50.0/24 via 10.10.30.1
```

Nimeandika replace badala ya add kwa makusudi. Ukitumia add, ifreload ya pili italalamika kwamba njia tayari ipo.

Hali ya pili ni mtu aliye 192.168.20.15 anayetaka kufungua https://10.10.30.5:8006. Ombi lake linapita kwenye ruta na kuingilia eno3. Jibu, kwa kuwa 192.168.20.0/24 si jirani wa seva, linatokea vmbr0 kupitia 192.168.10.1. Ngome iliyo njiani inaona jibu la mazungumzo ambayo haikuyaona yakianza, inalitupa. Dawa ya kwanza ni kumwambia atumie 192.168.10.5. Dawa hiyo inatosha karibu kila mara.

Ikibidi kabisa, tumia jedwali la pili la njia, chini ya eno3:

```
    post-up ip route replace 10.10.30.0/24 dev eno3 table 130
    post-up ip route replace default via 10.10.30.1 table 130
    post-up ip rule add from 10.10.30.5 table 130
    post-down ip rule del from 10.10.30.5 table 130
```

Mstari wa kwanza usiuache. Bila huo, hata pakiti za kwenda hifadhi iliyo jirani zitazungushwa kupitia ruta, na NFS itakuwa nzito bila sababu inayoonekana.

Mambo yakigoma

*Ping inajibu, ukurasa haufunguki.* Anza na dogo: umeandika https na :8006? Kisha `ss -tlnp | grep 8006` uone inasikiliza anwani ipi. Kama LISTEN_IP ina anwani ambayo seva haina tena, pveproxy haitasimama; `systemctl status pveproxy` itakuambia.

*Ukurasa unafunguka kwa walio ofisini, waliopitia VPN hawaupati.* Jibu linatokea kwingine. Fungua terminali mbili, moja `tcpdump -ni eno3 port 8006`, nyingine `tcpdump -ni vmbr0 port 8006`, mwambie mtu ajaribu. Ukiona maombi kwenye moja na majibu kwenye nyingine, umeshampata mwizi. Ukiona maombi yanaingia eno3 na hakuna jibu linalotoka popote, angalia `sysctl net.ipv4.conf.all.rp_filter` na ya eno3 pia. Inayotumika ni iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Ikiwa 1, kiini cha Linux kinatupa pakiti zisizoweza kurudi kwa njia zilizojia. 2 ni legevu zaidi.

*Kadi inaonyesha NO-CARRIER.* Kebo, mlango wa swichi uliozimwa, au umechomeka mlango mwingine. Rudi kwenye `ethtool -p`.

*Mashine pepe kwenye vmbr1 hazipati anwani.* Hakikisha bridge-ports ina eno2 na kadi ina kebo. Kisha swichi: mara nyingi mlango uko VLAN isiyo na DHCP.

*Mashine pepe zilipoteza mtandao baada ya kuwasha upya huduma ya networking.* Zizime kabisa kisha uziwashe. Kuwasha upya kutoka ndani ya mashine hakusaidii, kwa sababu upande wa seva unabaki na kiungo kilekile kilichokatika.

*NFS inakubali kuunganishwa, ukinakili faili kubwa inaganda.* Umeweka MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) 9000 upande mmoja. Pima kwa `ping -M do -s 8972 10.10.30.20`, zile 28 zilizopungua ni vichwa vya IP na ICMP. Isipopita, kuna kadi, daraja au swichi iliyobaki na 1500. Kwa mtandao wa gigabiti moja mimi huiacha 1500 tu, faida ni ndogo kuliko usumbufu.

*Umejifungia nje na mtego hukuweka.* Ingia kwa konsoli, kisha `cp /root/interfaces.zamani /etc/network/interfaces` na `ifreload -a`. Kama hata nakala hukuchukua, inatosha kuandika upya vmbr0 yenye eno1, anwani na lango. Ukurasa ukirudi, mitandao mingine iongeze mmoja mmoja, ukipima kila mmoja kabla ya kuugusa unaofuata.